Kazi ya Mungu na Kamba ya Kupimia

Kuna sentensi moja ambayo haikosi msibani: kazi ya Mungu haina makosa. Msemaji wa familia huitamka akishukuru waliofika, mchungaji huirudia kaburini, shehe huisema kwa namna yake anapowausia wafiwa kusubiri, na siku hizi hupigwa chapa hata mgongoni mwa fulana za msiba. Ikifuatiwa na mwenzake, ile ya kwamba sisi tulimpenda lakini Mungu kampenda zaidi, basi mjadala umefungwa. Kwa babu wa miaka 90 aliyelala asiamke, maneno hayo yanakaa kama kifuniko juu ya chungu chake. Lakini ni hayohayo yanayosemwa juu ya mama wa miaka 22 aliyeanza kutoka damu usiku baada ya kujifungua, kwenye kitongoji ambacho gari haliingii masika, akabebwa kwenye kitanda cha kamba na vijana wanne, akafia njiani kabla ya kuvuka mto. Siulizi kama Mungu ana makosa. Kwa anayemwamini, hana. Nauliza nani alituambia kwamba hii ilikuwa kazi yake.

Swali hili lina sura ya hesabu kabla ya kuwa na sura ya dini. Shirika la Afya Duniani na mashirika wenzake wanakadiria kwamba mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 walikufa duniani kwa sababu za ujauzito na uzazi, na katika kila 10 kati yao, 7 walikuwa wa Afrika kusini mwa Sahara. Sweden vifo hivyo havifiki 10 kwa kila vizazi hai 100,000. Nigeria, kwa makadirio hayohayo, vinakaribia 1,000. Tukishikilia kwamba kila kifo cha namna hii ni Mungu kumpenda mtu zaidi, itabidi tukubali kwamba upendo huo una tabia za ajabu. Unawapita wanawake wa Stockholm. Unaongezeka kadiri hospitali inavyokuwa mbali, unakuwa mkali wakati wa mvua kubwa, na unapoa zahanati ikipata jokofu la kutunzia dawa. Mungu wa aina hiyo anafanana mno na idara ya barabara.

Wapo watakaosema kwamba kifo cha uzazi huja ghafla kama radi, na radi haina wa kulaumiwa. Hapa kuna orodha fupi ambayo ingefaa ibandikwe kwenye kila ukuta wa ofisi ya kata. Deborah Maine, mtaalamu wa afya ya jamii, pamoja na wenzake, walikadiria muda unaopita kwa wastani tangu tatizo lianze mpaka kifo, ikiwa hakuna tiba. Kutoka damu baada ya kujifungua ni saa 2. Kutoka damu kabla ya kujifungua, saa 12. Kifafa cha mimba, siku 2. Uchungu pingamizi, siku 3. Maambukizi baada ya uzazi, siku 6. Tukiliacha la kwanza, ambalo kweli halisubiri, mengine yote yana adabu ya kungoja. Siku 3 zinatosha kuchanga fedha za harusi. Siku 6 zinatosha kesi ya mpaka wa shamba kusikilizwa na baraza la kijiji na kukatiwa rufaa. Na dawa zenyewe si siri ya wakubwa. Kifafa cha mimba hudhibitiwa kwa magnesiamu salfeti, ambayo ni chumvi tu, ya bei ndogo, inayochomwa polepole kwenye mshipa na kisha gramu 5 kila tako. Sindano inauma, ndiyo, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2002, uliowahusisha wanawake wapatao 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba huwapunguzia wenye presha ya mimba hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Radi haijawahi kuzuiwa kwa chumvi.

Mwislamu mwenye elimu yake atanisimamisha hapa, na ana haki. Atasema kila nafsi imeandikiwa muda wake, haucheleweshwi wala hautangulizwi. Kama ajali yake ilifika, hata hospitali ingekuwa mlangoni angekufa. Lugha yetu imetutega katika hili, kwa kuwa tumelichukua neno la Kiarabu lenye maana ya muda uliowekwa tukalifanya pia jina la basi kupinduka, kisha tukaongeza kwamba ajali haina kinga. Lakini hoja ya kadari ilishajibiwa zamani, na aliyeijibu hakuwa mtu wa pembeni. Khalifa Umar bin al-Khattab alikuwa njiani kwenda Sham, kwenye mwaka wa 18 wa Hijra, alipopata habari kwamba huko kuna tauni. Akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubaida, sahaba mkubwa, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akakubali kwamba ndivyo, ila akasema wanakimbia kutoka kadari ya Mungu kwenda kadari nyingine ya Mungu, akampa mfano wa mchungaji wa ngamia aliyeshuka kwenye bonde lenye pande mbili, mmoja wa majani na mwingine mkavu: popote atakapochunga, atakuwa anachunga kwa kadari. Jibu hilo halimnyang'anyi Mungu kitu. Linachofanya ni kumkataza mchungaji kuupenda upande mkavu kwa kisingizio cha ibada. Muda wa mtu ameuficha Mungu, na kilichofichwa hakiwezi kuwa sababu ya kutenda wala ya kutotenda. Hakuna mzazi anayemwacha mtoto acheze kando ya kisima kisichofunikwa kwa sababu siku yake inajulikana mbinguni. Ni kweli Abu Ubaida mwenyewe alifariki kwa tauni hiyohiyo, na hakuna anayemhukumu. Tunachojadili ni bonde.

Tena angalia kilichotokea Tanzania kwa miaka michache tu. Utafiti wa kitaifa wa 2015–16 ulipata vifo vya wazazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulipata 104. Tafiti hizi zina upana mkubwa wa kukosea, na makadirio ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2020 yalikuwa juu zaidi, 238, kwa hiyo tusishangilie namba kama goli. Mwelekeo hata hivyo haubishaniwi sana, na katika kipindi hichohicho wanawake waliojifungua mikononi mwa mhudumu mwenye ujuzi walipanda kutoka asilimia 64 hadi 85. Anayesema vifo vyote ni amri ya Mungu atuambie kama amri hiyo ilibatilishwa mahali fulani katikati ya miaka hiyo. Akisema hapana, ni Mungu aliyepanga pia wakunga waongezeke, tumekubaliana, na hatuna ugomvi tena: mkunga ni sehemu ya kadari, na asipokuwepo kuna mtu wa kuuliza.

Kuna faraja nyingine nzito zaidi, na sitaki kuigusa kwa mikono michafu. Katika mapokeo ya Kiislamu, mwanamke anayekufa kwa uzazi amewekwa katika daraja la mashahidi. Ni heshima kubwa, na kwa mume aliyeachwa na kichanga mikononi ni kamba ya kushika. Lakini soma orodha yote. Humo yumo pia aliyekufa maji, aliyekufa kwa tauni na aliyeangukiwa na jengo. Je, kadhi aliwahi kumwachia huru fundi aliyejenga ukuta kwa mchanga mtupu, kwa hoja kwamba aliyefunikwa amekwenda peponi? Wanafikihi wa Kihanafi walijadili kwa urefu habari ya ukuta ulioinama kuelekea njiani: mwenyewe akionywa, akapata nafasi ya kuurekebisha, asiurekebishe, ukaanguka ukaua, anawajibika. Shahada ya marehemu haikuwa risiti ya mwenye ukuta. Nao ukuta wetu umekuwa ukiinama kwa muda mrefu, na tumeonywa kwa namba, kila mwaka, katika ripoti zenye picha nzuri jaladani.

Upande wa Wakristo, maneno ya msibani mara nyingi huazimwa kwa Ayubu, pale alipowapoteza watoto wake wote kwa siku moja akakubali kwamba aliyempa ndiye aliyemnyang'anya. Watu husahau mambo mawili. La kwanza, nyumba ya watoto wale iliangushwa na upepo wa jangwani. Ayubu hakuwa na bajeti ya upepo. La pili ni zito zaidi. Maneno yale yalikuwa ya Ayubu mwenyewe, mfiwa, akiwa ameanguka chini. Rafiki zake walipochukua kazi ya kumweleza kwa nini Mungu amefanya vile, wakaifanya kwa sura nyingi za ufasaha, mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia wao na kusema hawakunena sawa habari zake. Aliyelalamika alisifiwa, waliotetea wakaambiwa watoe sadaka ya kuteketezwa. Ningependa viongozi wa dini na wa serikali wanaosimama mbele ya jeneza la mzazi walifikirie hilo kabla hawajashika kipaza sauti. Kunyenyekea ni haki ya aliyepigwa. Mtu aliyekuwa na uwezo wa kuzuia pigo akinyenyekea kwa niaba ya aliyepigwa, hilo lina jina jingine.

Sasa, kama si kumsingizia Mungu na si kumkana, tufanye nini na maiti iliyolala kati ya kijiji na hospitali? Jibu bora ninalolijua liko mahali ambapo wahubiri hawapiti sana, Kumbukumbu la Torati sura ya 21. Akikutwa mtu ameuawa porini na hajulikani aliyemuua, sheria haisemi watu wazike na kutawanyika. Inaagiza wazee na waamuzi watoke wapime, kutoka pale mwili ulipolala mpaka miji inayouzunguka. Mji utakaokuwa karibu zaidi, wazee wake wachukue mtamba ambaye hajafungwa nira, washuke naye bondeni, wanawe mikono juu yake, watamke mbele ya watu kwamba mikono yao haikumwaga damu ile wala macho yao hayakuona. Hakuna aliyewashtaki. Hakuna ushahidi dhidi yao. Umbali peke yake umewaita.

Wanavyuoni wa Kiyahudi waliokusanya Mishna waliishangaa ibada hii kama tunavyoishangaa sisi. Walijiuliza, kweli kuna mtu angedhani wazee wa baraza ndio wauaji? Wakafafanua kwamba kiapo kile kina maana nyingine: kwamba mtu yule hakutufikia tukamwachia aende bila chakula, wala hatukumwona tukamwacha aende bila wa kumsindikiza. Ukiwa umewahi kujua jinsi rufaa inavyoandikwa kwenye zahanati isiyo na gari, maneno hayo yanakata. Mama anapewa karatasi. Presha yake iko juu, miguu imevimba, kichwa kinamuuma na macho yanaona nyota. Karatasi inasema aende kituo cha afya, na yeye anatoka nje kutafuta bodaboda. Ameachwa aende bila wa kumsindikiza. Ni wazee gani wa mji gani wanaoweza kunawa mikono hapo?

Na kamba imekwishavutwa, kwa maana halisi. Mwaka 2007 watafiti walihesabu kaya zaidi ya 220,000 katika mikoa ya Lindi na Mtwara, wakaorodhesha vifo vya wanawake, kisha wakapima umbali kutoka kila kaya mpaka hospitali. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Kwa waliokaa ndani ya kilomita 5, vifo vitokanavyo moja kwa moja na uzazi vilikuwa 111 kwa kila vizazi hai 100,000. Kwa waliokaa zaidi ya kilomita 35, vilikuwa 422. Ni mikoa ileile, misikiti na makanisa yaleyale, mihogo na korosho zilezile. Kilichobadilika ni urefu wa kamba.

Lakini kupima kwa uaminifu hakuishii barabarani, na hapa wakazi wa mbali wanahusika pia, tusiwafanye watoto wadogo. Mwaka 1994 Maine na mwenzake Sereen Thaddeus waligawa ucheleweshaji katika sehemu tatu ambazo wauguzi wetu wanazijua kwa moyo: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Katika ile ya kwanza kuna mume aliyesafiri na simu haishiki, kuna mama mkwe anayekumbuka kwamba yeye alizaa wanane jikoni, na kuna imani kwamba uchungu ukizidi siku mbili mwanamke ana jambo la kuungama. Hayo ni ya kijiji, na kijiji kinawe mikono yake. Ila kabla hatujawaita wajinga, tukumbuke kwamba mwanamke anayekataa kwenda kituoni mara nyingi anajua anachokikataa. Mradi wa utafiti ulioendeshwa mkoani Tanga ulibeba jina la Staha kwa sababu hicho ndicho wanawake walichokikosa leba: walitukanwa, walipigwa, waliachwa peke yao. Kumwambia aende mahali hapo akiwa na beseni, glovu, wembe na kanga alizonunua mwenyewe, kisha kumlaumu kwa kubaki kwa mkunga wa jadi anayemwita mwanangu, ni kupima kamba kwa upande mmoja.

Na ile ya tatu ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu mama ameshafika. Chukua damu. Kwa miaka mingi mkunga alikisia kwa macho damu inayopotea, akiangalia shuka na kanga zilizolowa, na macho ya mtu aliyechoka hukisia pungufu. Mwaka 2023 yalichapishwa majaribio yaliyofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa wanawake zaidi ya 200,000. Jambo la msingi lilikuwa nailoni iliyotandazwa chini ya mzazi, yenye mfuko unaoning'inia na mistari ya vipimo: damu ikifika mstari wa onyo, mkunga hangoji, anakanda mfuko wa uzazi, anatoa oksitosini, dripu na dawa ya kugandisha damu, na kukagua chanzo, yote kwa mkupuo. Mkusanyiko wa madhara mabaya, yaani kutoka damu kupita kiasi, kufunguliwa tumbo au kufa kwa sababu hiyo, ulipungua kwa asilimia 60. Mistari kwenye nailoni. Na mwaka 2025 yakachapishwa matokeo ya hospitali na vituo 30 katika mikoa mitano ya Tanzania, ikiwemo Manyara na Tabora, ambako mazoezi mafupi ya mara kwa mara wodini, vifaa vichache na tabia ya kuzipitia takwimu zao wenyewe viliendana na vifo vya wazazi kupungua kwa karibu robo tatu. Hakukuwa na jengo jipya lililokatiwa utepe, labda ndiyo maana habari hiyo haikusikika sana.

Wanaodhani hoja hii inawaondoa watu wa dini kazini waitazame Sweden ya karne ya 18, nchi maskini ya wakulima iliyofunikwa na theluji. Kuanzia mwaka 1749 takwimu za taifa zilijazwa na wachungaji wa parokia, watu walewale waliowazika wafu, na mmoja mmoja walitakiwa kuandika amekufa kwa nini. Mwaka 1751 bodi ya afya iliwasilisha bungeni kwamba kati ya wanawake 651 waliokufa kwa uzazi, si chini ya 400 wangeokolewa kama kungekuwa na wakunga wa kutosha. Ninaipenda sentensi ile kwa sababu haikusema 651. Iliacha 251 kwa Mungu na kuwachukua 400 kama deni la nchi. Wakunga wakafundishwa na kupelekwa parokiani, kazi ya vizazi kadhaa, na kufikia mwaka 1900 vifo vilikuwa takriban 230 kwa kila 100,000, huku wengi bado wakijifungulia nyumbani. Mchungaji aliyeandika chanzo cha kifo katika daftari lake hakuwa amepungukiwa imani kuliko wetu anayesema tu kwamba maua yamechumwa.

Mwenye kushika mfuko wa fedha atauliza ni nani atalipa. Ni pingamizi la kweli, nisilipuuze: kitongoji cha kaya 30 hakitapata chumba cha upasuaji, leo wala kesho, na anayekiahidi kwenye kampeni anadanganya. Ila umaskini haujawahi kuwa jibu zima. Sri Lanka mwanzoni mwa miaka ya 1940 ilikuwa na vifo zaidi ya 1,500 kwa kila vizazi 100,000, na katikati ya miaka ya 1950 vilikuwa chini ya 500, bila mafuta wala dhahabu. Walikuwa na wakunga wa serikali wanaolipwa na kusimamiwa, zahanati, vita dhidi ya malaria, na wasichana waliosoma. Kwetu, madaktari wasaidizi wamekuwa wakifanya upasuaji wa uzazi mikoani kwa miongo mingi. Nyumba za kusubiria humleta mama karibu na hospitali wiki za mwisho. Mpango wa m-mama humwezesha mhudumu au familia kupiga 115 bure, na mwenye gari wa jirani akalipwa kumbeba mgonjwa pale gari la wagonjwa lisipofika. Yaani kwa utaratibu sasa yupo wa kumsindikiza, kama watu wa Mishna walivyotaka. Mpaka wa kinachowezekana upo, lakini unasogea, na bila kupima kila kifo hatutajua siku hiyo ulikuwa wapi.

Pingamizi linaloniumiza zaidi linatoka kwa wauguzi. Wanasema, mkiondoa kazi ya Mungu mtaleta kazi ya nesi: mtamtafuta binti mmoja aliyekuwa zamu peke yake usiku, na wazazi wawili leba, mtamsimamisha kazi mbele ya kamera, kisha mtalala. Wana haki ya kuogopa. Lakini irudie Torati. Wazee wale hawakuhukumiwa. Walikiri kuwajibika bila kupatikana na hatia, na sisi tumezoea kuyachanganya mambo hayo mawili mpaka hatuna pa kusimama kati ya Mungu na mbuzi wa kafara. Uingereza na Wales walianza mwaka 1952 kuchunguza kila kifo cha mzazi kwa siri, majina yakifichwa, ili watu waseme ukweli. Kamati za kupitia vifo vya wazazi na watoto wachanga zipo Tanzania pia, na zinapofanya kazi vizuri huuliza damu ilikosekana kwa nini, si nani alikuwa zamu tu. Tatizo ni pale kikao kinapogeuka mahakama. Siku hiyo kila mtu chumbani, pamoja na mganga mkuu, hugundua ghafla kwamba anamwamini sana Mungu.

Na mfiwa? Nimemwacha makusudi hadi hapa. Yeye aseme anachotaka. Mume akisema Mungu kampenda zaidi, hakuna mwenye ruhusa ya kumsahihisha, na anayemwendea siku ya matanga na takwimu za Lindi hana utu. Sidai sentensi ile ifutwe kinywani mwake. Nadai isitoke kwanza kinywani mwa diwani, mganga mkuu, mchungaji, shehe, wala mwandishi kama mimi.

Limebaki la vichanga, na huko kamba haifiki kabisa. Kati ya tafiti zile mbili za kitaifa, wakati vifo vya akina mama vilipungua sana, vifo vya watoto wa chini ya siku 28 vilitoka 25 hadi 24 tu kwa kila vizazi hai 1,000. Mzazi akifa kuna msiba; kichanga asiyefikisha siku 7, mara nyingi bado hana jina, huzikwa alfajiri na wanawake wachache, wakaambiana amekuwa malaika. Hakuna fulana. Hata neno tunalolitumia kwa aliyezaliwa bila kupumua, mfu, ni hukumu na si maelezo. Watumishi wa hospitali nane za Tanzania walipofundishwa kumsaidia mtoto apumue ndani ya dakika ya kwanza, yaani kumkausha, kumsugua mgongo, na asipolia kumpulizia hewa kwa mfuko wenye kinyago, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya saa 24 za kwanza kushuka kwa asilimia 47. Hilo lilitarajiwa. Lisilotarajiwa na wengi ni kwamba waliokuwa wakiandikwa wamezaliwa wafu walipungua kwa asilimia 24. Baadhi ya wafu hawakuwa wafu. Walikuwa watoto wenye moyo unaodunda, wakisubiri mtu awapulizie. Ndiyo maana vitabu vya wodi ya wazazi humtaka mkunga atenganishe kati ya mtoto aliyefia tumboni siku kadhaa zilizopita, ngozi yake imeanza kuchubuka, na yule ambaye ngozi yake ni nzima, aliyeondoka muda mfupi tu uliopita. Ni safu mbili zilizo sambamba katika ukurasa mmoja. Saa tisa usiku, taa ya sola imefifia, mkunga ana glovu moja yenye damu na kalamu mkono wa pili, na anaangalia ngozi.